Kitu kwa kitu au hoja kwa hoja: aya ya kulinganisha ipangwe vipi?

Ukitakiwa kulinganisha vitu viwili ndani ya aya moja, unazo njia mbili za kuipanga. Ya kwanza ni kumaliza habari zote za kitu kimoja, kisha ukaingia kwenye cha pili. Hiyo nitaiita kitu kwa kitu. Ya pili ni kuchukua hoja moja, ukaitazama kwa vitu vyote viwili, halafu ukasogea kwenye hoja nyengine. Hiyo ni hoja kwa hoja. Wanafunzi wetu wa sekondari hapa Zanzibar huzikuta njia hizi kwenye insha, lakini mtihani si mwisho wa kazi yake. Anazihitaji katibu wa ushirika anayewaandikia wanachama kuhusu mazao mawili. Anazihitaji mzazi anayemshauri mtoto skuli ya kwenda, na kila mtu anayeulizwa na jamaa yake, "Sasa nichukue lipi?"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na rai yangu naitoa mapema: madhali msomaji anataka kuchagua, mpangie hoja kwa hoja. Lakini ipo pahala ambapo kitu kwa kitu inashinda waziwazi, na mwandishi asiyepajua huharibu habari nzuri kwa kuikatakata.

Tuzitazame zikiwa kazini. Nachukua mazao mawili ambayo hakuna Mzanzibari asiyeyajua, karafuu na mwani, na habari zilezile naziandika mara mbili. Kwanza kitu kwa kitu:

"Mkarafuu ni mti wa subira. Ukiupanda leo utakaa miaka sita hata minane kabla hujachuma, lakini ukishaanza kuzaa unaweza kumlisha mtu, mwanawe na mjukuu wake. Karafuu huchumwa kwa mkono kabla ya ua kufunguka, na kazi ya kuparamia mti ni ya hatari. Zikishachambuliwa huanikwa juani, kisha hupelekwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Mwani ni zao la haraka. Halihitaji shamba la urithi. Unahitaji kamba, vigingi na bahari safi. Hufungwa kwenye kamba wakati wa bamvu, maji yakikupwa mbali, na baada ya wiki sita hivi huvunwa. Nao huanikwa juani, kisha huuzwa kwa kampuni binafsi. Adui yake mkubwa ni maji kupata joto, kwani huoza ukiwa bado kwenye kamba."

Sasa hoja kwa hoja:

"Karafuu na mwani vyote viwili huanikwa juani na kuuzwa nje, lakini vinamdai mkulima mambo mbalimbali. Kwa upande wa muda, mkarafuu unamngojesha mtu miaka sita hata minane, ilhali mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi. Kwa upande wa mtaji, karafuu inataka ardhi, na ardhi aghlabu ni ya urithi. Mwani unataka kamba, vigingi na pwani ya kufaa. Kazi zenyewe ni nzito kwa namna mbili: mchumaji wa karafuu anaparamia mti mrefu na anaweza kuanguka, mkulima wa mwani anainama ndani ya maji ya chumvi huku jua likimpiga utosini. Karafuu inapelekwa ZSTC, mwani unanunuliwa na kampuni binafsi. Anayetaka fedha za mwaka huu ataingia baharini. Mwenye ardhi na watoto wadogo atapanda mikarafuu."

Zisome tena polepole. Ya kwanza inateremka vizuri, ina sauti ya mtu anayesimulia. Ya pili haina utamu huo, lakini ukimaliza kuisoma unajua la kufanya. Msomaji anapofika kwenye "wiki sita" katika aya ya kwanza, ile "miaka sita hata minane" ameshaiacha juu, na lazima airudie ili apime. Katika aya ya pili muda umewekwa karibu na muda, mtaji karibu na mtaji, na kazi ya kupima imeshafanywa na mwandishi.

Kuna kasoro nyengine katika aya ya kwanza ambayo macho huiruka. Nusu ya mwani inasema hakuhitajiwi shamba la urithi. Nusu ya karafuu haikusema neno hata moja kuhusu ardhi. Nusu ya karafuu imeeleza hatari inayomkabili mchumaji. Nusu ya mwani imeeleza hatari inayolikabili zao. Umri wa mkarafuu umetajwa, lakini kamba moja ya mwani inavunwa na kufungwa upya mara ngapi, kimya. Aya inasomeka vizuri, kumbe vitu viwili havikupimwa kwa pishi moja. Hii ndiyo hatari ya kitu kwa kitu: inaficha mapengo. Hoja kwa hoja haiyafichi, kwa sababu ukianza sentensi kwa "kwa upande wa mtaji" na huna la kusema kuhusu karafuu, unakwama hapo hapo na kalamu mkononi.

Lakini tazama na kilichopotea. Habari ya maji kupata joto imeanguka katika aya ya pili, kwa kuwa haikuwa na mwenziwe upande wa karafuu. Na hiyo si habari ndogo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina inayoitwa cottonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri zaidi, imekufa katika sehemu nyingi za Unguja kwa sababu ya joto na maradhi, wakabaki na spinosum yenye bei ya chini. Aya inayomshauri mtu aingie kwenye mwani bila ya kumwambia jambo hilo haikumtendea haki. Kwa hiyo hoja kwa hoja nayo ina hatari yake: inapenda vilivyo sawa kwa sawa, na jambo kubwa lisilo na pacha linaachwa nje. Dawa yake ni kulipa jambo hilo sentensi yake lenyewe, mwishoni kabla ya uamuzi: "Mwani una tatizo moja ambalo karafuu haina..." Halafu endelea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya uandishi havilitaji, kwa sababu vimetoka kwenye lugha zisizo na ngeli. Kwetu sisi ngeli inaingia katika uchaguzi huu moja kwa moja.

Karafuu iko ngeli ya I-ZI, mwani uko ngeli ya U. Ukisema "inataka" na "unataka", kitenzi chenyewe kimeshamwambia msomaji unazungumzia lipi. Chukua ngalawa na mtumbwi: "Ngalawa ina marengu, mtumbwi hauna. Ikipata upepo inafika mbali. Unategemea kasia, basi hauachani sana na ufukwe." Katika sentensi zile mbili za mwisho sikutaja jina la chombo chochote, na hujapotea. Vitu vya ngeli mbili vinakwenda vizuri sana hoja kwa hoja, hata zikiwa hoja nne ndani ya aya moja.

Ngeli zikiwa moja, mambo hugeuka. Andika hivi: "Unguja na Pemba ni visiwa jirani. Kimoja ni tambarare na kingine kina vilima vingi. Kina watu wengi zaidi, na kina mabonde ya mpunga." Kipi? Msomaji wa Wete ataelewa kwa kuwa anaijua Pemba, lakini aya haikuandikwa kwa ajili ya anayejua tayari. Hapo una njia mbili tu. Ama rudia majina, Unguja, Pemba, Unguja, Pemba, bila ya kuona haya. Ama hamia kitu kwa kitu, kila kimoja ukimalize ndipo uende kwa mwenziwe. Najua wapo walimu wanaokata alama kwa kurudia neno. Katika aya ya kulinganisha mimi sikati. Jina lililorudiwa linachosha kidogo; kiwakilishi kisichojulikana mwenyewe kinapotosha.

Na tahadhari moja kuhusu "hu-" ya mazoea, tunayoipenda sana kwenye maandishi ya maelezo. "Huvunwa", "huanikwa", "huuzwa": haina ngeli ndani yake. Rudi kwenye ile aya ya kwanza uone ilivyojaa. Kule haikuleta madhara makubwa kwa sababu kila zao limepewa nafasi yake. Ungeimwaga vile vile katika hoja kwa hoja, ungeipoteza ile faida ya ngeli: "Huchukua miaka, na huchukua wiki." Ndiyo maana katika aya ya pili niliandika "unavunwa", "inataka", "unanunuliwa". Tumia "hu-" pale jina liko jirani yake. Likiwa mbali, rudisha kiambishi cha ngeli.

Kitu kwa kitu inashinda wapi basi? Inashinda pale tofauti ya vitu viwili ina kisa. Kisa kina mwanzo na matokeo, na ukikigawa kwa hoja unakitoa roho. Kwa nini Pemba ndiyo inayojulikana kwa karafuu kuliko Unguja, ilhali mashamba makubwa ya mwanzo yalikuwa Unguja zama za Sultani Seyyid Said? Andika hivi:

"Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Wenye mashamba walilazimika kuanza upya na miche, na mche unataka miaka kabla ya kuzaa. Pemba haikudhurika kiasi hicho. Iliendelea kuchuma wakati karafuu imeadimika na bei imepanda, na watu wakazidi kupanda mikarafuu huko. Miche ya Unguja ilipokuja kukua, Pemba ilikuwa imeshatangulia."

Hapa Unguja imepewa sehemu yake, Pemba ikapewa yake, na sababu imebaki nzima. Jaribu kuipanga kwa hoja: "Kwa upande wa kimbunga, Unguja ilipigwa sana, Pemba kidogo. Kwa upande wa bei..." Ukweli ni uleule, lakini msomaji haoni tena kwamba jambo moja lilizaa jengine.

Inashinda pia pale msomaji anakijua kitu kimoja na hakijui cha pili. Ukimwandikia mtu wa bara ambaye hajawahi kuuona mwani ukilimwa, usimwingize kwenye hoja kabla hajapata picha. Mwoneshe kwanza wale kinamama wakishuka pwani na kamba zao maji yakikupwa, vigingi vimesimama kwa safu, kisha mlinganishie na mahindi yake. Seuze mtu wa nchi nyengine kabisa.

Takwimu nazo? Hizo usizitenganishe hata kidogo. Kwa sensa ya 2022 Unguja ilikuwa na watu 1,346,332 na Pemba 543,441. Kwa eneo, Unguja ni takriban kilomita za mraba 1,666 na Pemba takriban 988. Zikae pamoja hivi na jambo linajitokeza lenyewe: Unguja haifiki mara mbili ya Pemba kwa ukubwa, lakini watu wake ni karibu mara mbili na nusu. Weka nambari za Unguja juu na za Pemba sentensi sita chini, nani ataliona hilo?

Nitoe mfano mmoja wa maisha ya kila siku, maana hapo ndipo ulinganisho unapofanya kazi yake kweli. Kijana yuko Mjini Unguja, ana arusi Chake Chake, amemwandikia shangazi yake Pemba kumuuliza aje na boti au ndege. Shangazi anajibu:

"Mwanangu, boti nauli yake nafuu na mizigo utakuja nayo, ndege nauli kubwa, na mizigo ina kikomo. Boti inashusha Mkoani, kwa hiyo bado una safari ya gari mpaka Chake. Ndege inatua uwanja wa ndege wa Pemba, hapa karibu. Ndege ni kama nusu saa tu, boti ni saa za bahari, na sasa ni kusi, mkondo una mawimbi, na wewe nakujua hali yako ukiwa chomboni. Kama huna mzigo wa maana, panda ndege. Kama unaleta vitu vya arusi, njoo na boti, na usile kitu kizito."

Hiyo ni aya kamili ya kulinganisha, na ningeipa alama za juu. Boti na ndege ziko ngeli moja, naye hakujaribu kuwa mjanja wa viwakilishi. Kila hoja ametaja jina. Hoja amezichagua kwa ajili ya msafiri: nauli, mzigo, mahali pa kushukia, bahari. Hakueleza boti ina ghorofa ngapi wala ndege ina rangi gani, ijapokuwa hizo nazo ni tofauti. Hoja nzito ameiweka mwisho, karibu na uamuzi. Na uamuzi wenyewe haukuwa "vyote vina faida na hasara zake", sentensi ambayo wanafunzi wengi hufungia aya na ambayo haimsaidii mtu. Amesema ukiwa hivi fanya hivi, ukiwa vile fanya vile.

Yaliyobaki ni ya kupitia haraka. Sentensi ya kwanza isiwe "Unguja na Pemba zina mambo yanayofanana na yanayotofautiana." Sentensi hiyo inafaa kwa paka na jahazi pia. Sema zinafanana katika nini na zinaachana wapi, kama ile "vyote viwili huanikwa juani na kuuzwa nje, lakini vinamdai mkulima mambo mbalimbali." Kufanana kuwe kufupi na kuje mwanzoni, isipokuwa pale msomaji anaamini vitu hivyo havifanani kabisa, hapo kufanana ndiyo habari, kupe nafasi kubwa.

Viunganishi viko vingi, lakini "bali" inatumiwa vibaya kuliko vyote. "Unguja ni tambarare bali Pemba ina vilima" si sawa. "Bali" inakuja baada ya kukanusha: "Pemba si tambarare bali ni ya vilima." Kwa kuvikabilisha vitu viwili tumia "ilhali", au "lakini", au nukta mkato peke yake, ambayo inafanya kazi nzuri kuliko inavyodhaniwa.

Kabla ya kuandika, chora jedwali la safu mbili: upande huu kitu cha kwanza, upande ule cha pili, hoja zikishuka kushoto. Kisanduku kikibaki kitupu, jiulize: sijui, au hakuna? Kama hujui, katafute. Kama hakuna, ndiyo lile jambo lisilo na pacha, lipe sentensi yake. Kisha hesabu hoja zilizojaa pande zote mbili. Zikiwa mbili, tatu, nne, aya moja hoja kwa hoja inazibeba bila ya taabu. Zikizidi hapo, aya inageuka orodha, na ni bora kila hoja kubwa uipe aya yake.

Katika insha ndefu si lazima uchague njia moja mpaka mwisho. Mpango ninaoupenda ni huu: aya fupi ya kitu cha kwanza, aya fupi ya kitu cha pili, ili msomaji apate picha zote mbili, kisha aya za hoja kwa hoja, kila moja na hoja yake, kuanzia nyepesi kwenda nzito. Kwenye chumba cha mtihani, ambako muda ni mfupi, wengi hukimbilia kitu kwa kitu kwa kuwa haitaki kupangwa. Mimi nasema toa dakika tano za mwanzo kwa lile jedwali, hata ukilichora kwa penseli pembeni mwa karatasi. Likishajaa, njia ya kufuata utaiona wewe mwenyewe: safu zikiwa sawa kwa sawa, hoja kwa hoja, zikiwa na kisa kinachoshuka juu mpaka chini upande mmoja, kitu kwa kitu.